Nyuma ya Gari Laela: Sensa, Kamera na Jicho la Utingo

Fuso imekuja kufuata mahindi. Imesimama kando ya lami, pua imeelekea Tunduma, na ghala liko nyuma yake, ndani ya uchochoro unaozidi bodi ya gari kwa shubiri mbili tatu tu kila upande. Utingo ameshuka. Amejiweka pale ambapo dereva atamwona kwenye kioo cha pembeni, kwa sababu utingo asiyeonekana kiooni ni sawa na utingo asiyekuwepo. Anapiga bodi kwa kiganja: "Njoo, njoo, njoo... kata kulia... kata yote... nyoosha... njoo hivyohivyo... hapo!" Makofi mawili ya harakaharaka, gari linasimama. Katikati ya "njoo" ya kwanza na "hapo" ya mwisho kijana yule amefukuza mbuzi, amesukuma jiwe kwa mguu, na amemgeukia mama aliyepanga nyanya chini: "Shikamoo mama, naomba utupishe kidogo." Mama akaitikia marahaba, akavuta beseni lake.

Kwa miaka mingi watu wa Ufipa, uwanda ulipo mji huu wa Laela, hawakuwa na chombo kingine cha kurudishia gari nyuma. Leo, hatua chache kutoka kwenye Fuso hiyo, imepakiwa IST ya mwalimu yenye kamera juu ya kibao cha namba, na Noah yenye vidude vinne vya duara kwenye bampa. Madereva wa magari hayo wanarudi nyuma peke yao, macho kwenye skrini, sikio kwenye mlio. Nimekuwa nikiwatazama kwa muda mrefu, na nataka kupima swali moja: vyombo hivi vimetengenezwa vione nini, na je, vinaona kile ambacho hapa Laela kinakaa nyuma ya gari?

Kabla ya vyombo kuna barabara. Tarehe 17 Februari 2008, jijini Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush wa Marekani walitia saini mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia wa dola milioni 698. Sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyojenga kwa lami barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita takribani 224, na Laela iko katikati. Mtu aliyesafiri njia ile wakati wa mvua kabla ya lami anajua maana yake: safari ya saa chache ilikuwa ya siku nzima, na mara nyingine ya kulala njiani. Lami ilipofika, magari madogo yakafuata. Gari la chini ambalo zamani lisingethubutu kuvuka matope ya Laela sasa linatoka bandarini Dar, linapita Mbeya na Tunduma, linafika hapa bampa ikiwa nzima na sensa zake zikiwa zimekaa mahali pake.

Siku 11 tu baada ya saini ile ya Dar, tarehe 28 Februari 2008, Bush huyohuyo alitia saini sheria nyingine huko kwao, inayoitwa kwa jina la mtoto, Cameron Gulbransen. Cameron alikuwa na miaka miwili. Mwaka 2002, nyumbani kwao katika jimbo la New York, baba yake alikuwa anarudisha gari nyuma usiku. Baba huyo ni daktari wa watoto. Hakumwona mwanawe. Sheria ile iliagiza serikali ya Marekani iweke kanuni ya mwonekano wa nyuma ya gari, na baada ya ucheleweshaji mrefu, kuanzia tarehe 1 Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani lazima liwe na kamera ya nyuma. Wakati kanuni inaandikwa, mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilikadiria kwamba watu 210 hivi walikuwa wakifa kila mwaka kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma, na karibu theluthi yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Ninazitaja saini hizo mbili pamoja kwa sababu moja imetuletea mwendo, na nyingine inazungumzia hatari ambayo huja na mwendo huo hadi mlangoni. Mwenye gari huwa anaogopa barabara kuu, malori, mteremko. Uani kwake haogopi. Cameron aligongwa uani, akafa.

Vyombo vyenyewe vimekujaje kwetu? Vimekuja ndani ya magari ya Kijapani yaliyotumika, kama tairi ya akiba inavyokuja, bila mtu kuviagiza. Japani na Tanzania wote tunaendesha kushoto, usukani upo kulia, hivyo gari linatoka kule linaingia hapa bila kubadilishwa. Na Japani ni nchi ya nafasi finyu. Tangu 1962 wana sheria inayomtaka mwenye gari athibitishe kwamba ana mahali pa kulilaza, ndipo gari lisajiliwe. Maegesho yao yamechorwa mistari, yamepakana na kuta na nguzo, na desturi yao ni kuingia kwa rivasi. Haishangazi kwamba Toyota iliweka sensa za sauti kwenye Corona mwaka 1982, na kamera ya nyuma kwenye Soarer mwaka 1991, miaka ambayo sisi huku tulikuwa tunaomba barabara ya changarawe tu. Sensa ile ilitengenezwa kwa ajili ya ukuta. Gari la jirani, nguzo ya zege, ukuta: vitu vigumu, vimesimama, vina urefu wa kiuno.

Sasa tuiangalie inavyofanya kazi, maana hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Kila kidude kwenye bampa kinatoa sauti ya mitetemo 40,000 hivi kwa sekunde, sauti ambayo sikio la binadamu haliipati, kisha kinasikiliza mwangwi. Popo hufanya hivyohivyo gizani. Mwangwi ukirudi mapema, kitu kiko karibu. Ukichelewa, kiko mbali. Mlio wa "ti... ti... ti" unakaza kadiri unavyosogea, hadi kikibaki kama sentimita 30 unakuwa mlio mmoja usiokatika.

Ukishaelewa kwamba ni mwangwi, unaweza kutabiri mwenyewe sensa itashindwa wapi. Kitu chembamba kinarudisha mwangwi kidogo: nguzo ya uzio, waya, mti wa mkokoteni. Kitu laini kinaumeza: gunia la maharage, kitenge, sweta. Kitu kilicholala chini kinapitwa na sauti juu yake: jiwe, beseni, mtoto aliyechuchumaa anachora mchanga. Na shimo halirudishi chochote. Mimi mwenyewe niliwahi kuliangusha gurudumu la nyuma mtaroni, mbele ya nyumba ya shemeji yangu, na gari lilikuwa na sensa nne nzima kabisa. Zilinyamaza. Nikauchukua ule ukimya kuwa ni ruhusa. Tulilitoa kwa mbao na vijana sita, na tangu siku ile naamini kwamba hatari kubwa ya sensa haiko kwenye mlio wake. Iko kwenye ukimya wake, kwa sababu dereva ameshafundishwa na mlio kwamba kimya maana yake ni salama.

Halafu kuna suala la sekunde. Gari linalorudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, linakwenda mita 1.4 kila sekunde. Sensa nyingi za bampa ya nyuma huanza kulia kitu kikiwa mita moja na nusu. Piga hesabu: toka mlio wa kwanza hadi kugusa una sekunde moja na punje. Ndani ya hiyo sekunde sikio lisikie, akili ielewe, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki, na breki ishike. Haitoshi. Anayerudi kwa nusu ya mwendo huo, polepole kiasi cha kumkera aliye nyuma yake kwenye foleni, anapata sekunde mbili, na sekunde mbili zinatosha. Kwa hiyo sensa inamsaidia aliyekwisha kuwa mwangalifu. Mwenye haraka inamwarifu tu kwamba amegonga.

Kamera ni habari nyingine, na ni bora zaidi kwa mazingira yetu. Inaona mtaro. Inaona beseni na mtoto aliyechuchumaa, maana imewekwa chini na lenzi yake imetanuka. Huko Marekani, taasisi ya bima inayochunguza ajali za magari ilikuta kwamba magari yenye kamera yalipata ajali za kurudi nyuma zinazoripotiwa polisi pungufu kwa asilimia 17 hivi. Si nyingi kama mtu angetarajia, lakini nyuma ya kila ajali iliyoepukwa huenda kuna mtoto.

Tatizo la kamera Laela ni kwamba nyingi zimekufa. Na hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwa sababu ya redio. Redio za FM za Kijapani zimetengenezwa kwa masafa ya kwao, yanayoanzia megahezi 76 na kwa magari mengi kuishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Mtu ananunua gari, anawasha redio, hapati stesheni anayoitaka. Ramani ya kwenye skrini inaonyesha bahari iliyo karibu na Japani, maandishi hayasomeki, na sauti ya mwanamke inazungumza Kijapani kila ukiwasha. Analipeleka kwa fundi umeme. Fundi anang'oa redio nzima, anaweka nyingine yenye skrini kubwa ya Android, muziki unalia, mteja anafurahi. Kamera ilikuwa imeunganishwa na redio ile ya zamani. Sasa waya wake umekunjwa nyuma ya dashibodi, umefungwa kwa gundi nyeusi. Wengine hujaribu kuiunganisha na kuiua kabisa, kwa sababu kamera nyingi za kiwandani za Toyota hutumia volti 6, na betri inatoa 12. Ndani ya saa moja gari limepoteza jicho, na mwenye gari hajaambiwa. Naliona hili kuwa kosa letu kubwa kuliko yote katika suala hili zima, na ni kosa linalorekebishika.

Zile zilizopona zinapigana na nchi yenyewe. Uwanda wa Ufipa uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi kuna vumbi jekundu linaloshika lenzi kama unga. Masika kuna tope linalorushwa na matairi hadi kwenye kibao cha namba. Asubuhi za Juni na Julai umande unalala juu ya kioo, na picha inakuwa kama moshi. Sensa iliyozibwa na tope hulia bila kukoma hata uwanja ukiwa mtupu, na dereva aliyechoka na kelele hizo anamwomba fundi akate waya. Dawa ni kitambaa chenye maji kwenye mfuko wa mlango, na nusu dakika kabla ya kuwasha gari. Naandika jambo dogo namna hii kwa sababu nimeona magari mengi ya gharama yanaendeshwa yakiwa vipofu kwa kukosa kitambaa.

Jambo zito zaidi ni desturi. Siku ya mnada, simama kando ya barabara uangalie magari madogo yanavyoingia. Karibu yote yanaingia kwa pua. Dereva anaona nafasi, anakata kushoto, anatumbukiza gari, anazima, anashuka. Ni rahisi, na anayemsubiri hamzomei. Lakini deni la kurudi nyuma hajalilipa. Ameliahirisha hadi wakati wa kuondoka, na wakati wa kuondoka ndio mbaya kuliko yote. Alipokuwa anaingia alikuwa ametoka kuipita sehemu ile sasa hivi, ameiona kwa macho yake yote mawili. Baada ya saa moja na nusu, nyuma ya gari lake kuna mji mwingine. Bodaboda tatu zimesimama, madereva wake wameegemea bampa. Mkokoteni wa ng'ombe umefunguliwa nira, mti wake umechomoza hadi usawa wa taa. Mama mmoja amekimbilia kivuli cha buti na ulezi wake, na mwanawe amekaa karibu na tairi. Anayeingia kwa rivasi analipa deni lake papo hapo, kwenye uwanja anaoujua, kisha anaondoka akitazama mbele kama Mungu alivyomuumba.

Hapo ndipo kamera na desturi hukutana. Kamera ni msaada mkubwa kwa anayeingia kwa rivasi: inamwonyesha mtaro, jiwe, umbali uliobaki. Kwa anayetoka kwa rivasi kuingia barabarani haimsaidii vya kutosha, kwa sababu hatari inatoka pembeni, kwa mwendo, na kamera inaona vizuri kilicho nyuma yake moja kwa moja. Bodaboda inayokuja kwa kasi inaingia kwenye picha na kufika ndani ya pumzi moja. Magari ya karibuni yana rada za kutazama pembeni, lakini hayo hapa bado ni ya kuhesabu. Tena ile mistari ya kijani, njano na nyekundu kwenye skrini, kwa kamera nyingi za kufungwa na fundi, haipindi usukani unapopinda. Inaonyesha gari lingekwenda wapi kama lingenyooka. Anayeiamini huku amekata usukani wote anafuata njia ambayo gari lake haliifuati.

Malori yana shida yao. Kuna Canter ndogo za Kijapani ambazo zikitiwa rivasi hutangaza kwa sauti: "Bakku shimasu," yaani narudi nyuma. Watoto wa barabarani hawajui Kijapani, lakini wameshaelewa, wanasogea. Sauti ile inafanya kazi ambayo kamera haiwezi: inamwonya aliye nje. Kamera na sensa zote zinazungumza na dereva peke yake. Mbuzi, mtoto na mama wa nyanya hawaambiwi kitu. Utingo alikuwa anazungumza na pande zote mbili, na hiyo ndiyo tofauti ambayo hakuna kampuni iliyoiziba.

Usiku, kupaki lori ni suala la uhai na kifo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inadai gari lililokwama liwekewe alama ya tahadhari, na pembetatu ya kuakisi mwanga ni kitu cha bei ndogo. Lakini kati ya Laela na Tunduma bado utakutana na matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami badala yake. Tawi bichi haliakisi taa. Ukungu ukishuka hulioni hadi uko juu yake. Na lori likishatengenezwa, linaondoka, matawi yanabaki, hivyo dereva anayefuata anazoea kuyapuuza hadi siku yanapokuwa ya kweli.

Je, tusubiri teknolojia itukute? Japani nayo imeweka kanuni ya vyombo vya kuona nyuma, kuanzia Mei 2022 kwa aina mpya za magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari hayo yatawafikia mapema. Tanzania haina kikomo hicho. Tunatoza ushuru wa uchakavu, na wanunuzi wengi wanaulipa kwa sababu gari la zamani ndilo lililo ndani ya uwezo wao. Kwa mwendo huu, magari yenye kamera za lazima yatazoeleka Laela katika miaka ya 2030. Mtoto aliye darasa la kwanza leo atakuwa amevuka barabara hii maelfu ya mara kabla ya hapo.

Kuna mambo yaliyo mikononi mwetu sasa. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga yamehamia Laela, na mji unakua kufuata lami. Sheria ya Barabara ya 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu kuwa hifadhi, lakini vibanda na malori yanagombania ukanda huo kila siku ya soko. Halmashauri ipime uwanja wa malori nje ya mji, wenye taa na choo, kabla ardhi haijaisha, na soko lipewe maegesho yenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea ili gari lisilazimike kurudi nyuma katikati ya watu. Kiwanja kilichopangwa hivyo kitaokoa maisha ya watu wengi kuliko kamera mia. Shule za udereva hufundisha kurudi nyuma kati ya nguzo zilizosimikwa. Zianze pia kufundisha kulizunguka gari kwanza, kuinama kutazama chini ya bampa, ndipo mtu apande. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua kumi na tano.

Na wewe unayetarajia kununua gari, au uliyekwisha kununua, nina ombi moja. Siku utakayokwenda kwa fundi kubadilisha redio, usiondoke hadi umeingia ndani, umeweka rivasi, na umeona picha ya nyuma kwenye ile skrini mpya. Picha isipotokea, mwambie afungue tena.